Utakuja Kunishukuru

Sijui nani kawatangazia watu kwamba nimekosa cha kufanya. Kila ninayekutana naye ana kitu cha kunielekeza: sikiliza hiki, tazama kile, vaa hivi. Na wote wanamalizia kwa maneno yaleyale: "Utakuja kunishukuru." Hadi leo sijamshukuru mtu.

Kinyozi wangu, kwa mfano. Daktari kaniambia presha iko juu, nitulie. Kinyozi anasema dawa ya mawazo ni singeli, ule muziki wa kasi, anaifungulia hadi mwisho, spika iko utosini kwangu. Sasa piga hesabu mwenyewe. Moyo wa mtu aliyetulia unadunda kati ya mara 60 na 100 kwa dakika; singeli inavuka 200. Wembe uko shingoni, na mwenye wembe anacheza. "Umeisikia hiyo biti, mzee wangu?" Nimeisikia. Hata marehemu babu kaisikia.

Singeli sina ugomvi nayo. Vijana wa Manzese na Tandale wameitoa uswahilini mpaka inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya, hongera zao. Mimi naipenda harusini, nikiwa mbali kidogo, na sahani mkononi. Lakini jaribu kumwomba kinyozi huyo akuwekee Msondo! Bendi imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, chama cha wafanyakazi kikibadili jina na yenyewe inabadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na ikatoboa. Wimbo wao mmoja ni kesi nzima: mtu kagombana na mkewe, wazee wameitwa, unamaliza kunyolewa kikao bado hakijafungwa. Kinyozi anasema hizo ni nyimbo za kwenye matanga.

Mpwa wangu naye akaniletea flashi. "Anko, sizoni ya Kikorea hii, vipande 16." Kipande cha kwanza, kijana na binti wamegongana njiani, karatasi zikamwagika. Cha pili, wanaangaliana. Cha tatu bado wanaangaliana, ila sasa mvua inanyesha. Nikalalamika. "Vumilia anko, inanoga kuanzia cha sita." Kila kipande ni saa nzima! Saa zote hizo, kwa SGR ningekuwa nimeshafika Dodoma, nimekunywa chai, niko njiani narudi. Enzi za Lufufu akitutafsiria filamu kwenye vibanda umiza vya video nani alivumilia? Unabanana kwenye benchi, jasho linakutoka, dakika ya tano ushamjua stelingi na ushajua nani anakufa. Na kibaya zaidi, mpwa huyu kila jioni anapita kuniuliza nimefika wapi, kama mwenye nyumba anayefuatilia kodi.

Kazini mkuu wetu anagawa vitabu vya mafanikio. Kile cha mwisho kinamsihi msomaji aamke saa kumi na moja alfajiri ili abadili maisha yake. Mimi nakaa Chanika, pembezoni mwa Dar. Saa kumi na moja nishapigania mlango wa daladala, nimesimama mguu mmoja, kwapa la mtu liko puani, na maisha hayajabadilika. Nikamwambia mkuu asome *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi: binti wa Kihindi, Yasmin, anaozwa kwa mzee, anatoroka, anakuja kukutana na Denge anayehangaishana na serikali ya mkoloni kule Unguja. Moto! Akanijibu, "Hicho si cha mtihani?" Kumbe kitabu kikishawahi kutungiwa maswali basi hakisomwi tena kwa raha. Kuna hata filamu yake, ya Amil Shivji, ya 2021. Akaniuliza ina vipande vingapi.

Lakini la suruali ndilo lililonimaliza. Shemeji yangu kasema suruali zangu zinapitisha upepo wa kutosha kuendesha jahazi. Akanikokota hadi kwenye mitumba, nikapewa modo, suruali ya kubana. Muuzaji kaitazama inavyogoma pajani, akasema, "Hiyo ndiyo yako bosi, ikivaliwa itaachia." Haijaachia. Kuivaa nalala chali kitandani. Kuivua, mama watoto anavuta mguu huu na mwanangu anavuta ule. Nikiweka simu mfukoni, jina la anayenipigia linasomeka pajani. Kupanda daladala napanda kiubavu, konda anapiga kelele "Mzee, kunja goti!" Goti gani, mwanangu?

Mwaka 1969 vijana wa TANU waliendesha Operesheni Vijana hapa Dar, wakipiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana. Nikimsimulia shemeji anacheka, ananiambia nipige picha ya ubavu.

Nikaona basi, sasa najipendekezea mwenyewe. Nimenunua kitambaa cha kijivu, nimekipeleka kwa fundi wa mtaani anishonee kaunda suti: mikono mifupi, mifuko minne, wa miwani, wa kadi ya bima, wa peremende, na mmoja wa kuwekea mkono tu. Fundi akanipima kwa adabu zote, kiuno, bega, urefu, anaandika. Alipofika kwenye mguu akasita, akaniangalia kwa huruma.

"Mzee, huku chini niibane kidogo? Utakuja kunishukuru."