Kabureta ya Zamani Isipimwe kwa Mng'ao Wake

Anayetafuta kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) iliyofufuliwa kwa ajili ya gari la zamani, iwe ni Land Rover ya Series, Volkswagen Beetle au Ford ya Kimarekani ya miaka ya sitini, kwa kawaida huonyeshwa picha kabla ya kitu kingine chochote. Mwili wa kabureta unang'aa kwa rangi ya dhahabu yenye vivuli vya kijani na waridi, skrubu zote ni mpya, vyuma vya kuunganishia waya wa mafuta vinameremeta, na bei imepanda kwa kufuata mng'ao huo. Picha haiwezi kuonyesha kama shafti inacheza ndani ya tundu lake, kama nyuso mbili zinazokutana zimepinda, wala kama vijia vya petroli vilivyofichika ndani vimezibuliwa. Maoni yangu ni kwamba tumeigeuza kazi hii kichwa chini: kutia zinki na rangi ya dhahabu ni hatua ya mwisho, yenye sababu yake ya kikemia, na kuna kabureta nyingi zinazopita katika gereji zetu ambazo hazikuhitaji hatua hiyo kabisa.

Kwanza tuelewe rangi hiyo ilitoka wapi, maana haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kabureta nyingi za Kimarekani za makampuni kama Holley na Rochester zilitengenezwa kwa aloi ya zinki, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi, huingia vizuri katika kalibu la chuma, na humwezesha mtengenezaji kupata umbo lenye vijia vyembamba bila gharama kubwa ya kukereza. Udhaifu wake ni maji. Unyevu unaogeuka maji ndani ya tangi ni mzito kuliko petroli, hivyo hushuka na kutulia chini ya bakuli la kabureta, na gari likikaa miezi bila kuwashwa, zinki hutoa unga mweupe unaoziba jeti (vitundu vinavyopima petroli) na kula kingo za vijia. Katika miaka ya 1930 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilileta njia iliyoitwa Cronak, ambamo kipande cha zinki huchovywa kwa sekunde chache katika mchanganyiko wa daikromati ya sodiamu na asidi ya salfa. Hakuna umeme unaotumika hapo. Uso wa zinki yenyewe hubadilika na kuwa utando mwembamba sana unaozuia kutu nyeupe, na rangi ya dhahabu ni matokeo tu ya utando huo. Vipande vya chuma cha kawaida, kama vile mikono, springi na skrubu, vilipitia njia nyingine: vilitiwa zinki au kadimiamu kwa umeme, kisha vikachovywa katika kromati (kemikali ya kromiamu, jamii moja na hiyo daikromati) vikawa vya njano au vya fedha.

Kwa hiyo mtu anayeifufua Holley ya 1957 na kuirudishia dhahabu yake ana haki kamili, kwa sababu anarudisha kinga ambayo kiwanda kiliiweka kwa makusudi. Tatizo linaanza pale dhahabu hiyo hiyo inapopakwa kwenye kila kabureta inayopita mezani.

Chukua SU za Kiingereza, ambazo kwangu mimi ndizo kabureta zilizobuniwa kwa akili kuliko nyingi nyingine. Zilifungwa kwenye MG, Mini na Jaguar, na Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo Safari Rally mwaka 1965 ilikuwa ya ukoo huo wa kabureta mbili za SU. Mwili wa SU ni wa alumini, na alumini ilitoka kiwandani ikiwa tupu. Kuipaka dhahabu ni kuipa historia isiyo yake. Baya zaidi ni kung'arisha kila sehemu kwa mashine ya kitambaa mpaka ndani ya kuba lake la juu, mahali ambapo pistoni ya kabureta yenyewe, si ya injini, hupanda na kushuka kwa nafasi ndogo mno bila ringi yoyote ya kuzibia. Pistoni na kuba lake hulinganishwa kiwandani kama jozi. Ukiziba matundu ya pistoni, ukaigeuza jozi hiyo na kuliacha kuba lishuke lenyewe, katika kabureta za inchi moja na nusu na kuendelea linatakiwa kuchukua kati ya sekunde 5 na 7. Fundi akishapitisha msasa humo ndani, muda huo hupungua, pistoni hupoteza utaratibu wake, na hakuna uchovyaji utakaourudisha. Huyo ameiua kabureta huku akipongezwa kwa usafi wa kazi.

Ugonjwa mkubwa wa kabureta nzee hauonekani kwa macho. Ni uchakavu wa shafti inayobeba kile kisahani kinachofungua njia ya hewa unapokanyaga mafuta. Shafti hiyo huzunguka maelfu kwa maelfu ya mara, na katika barabara zetu za vumbi jekundu, vumbi laini hujishikiza kwenye mafuta yaliyo mwishoni mwa shafti na kuwa dawa ya kusagia. Tundu la mviringo hugeuka kuwa la yai. Hapo hewa huingia kwa mlango ambao mbuni hakuuweka, mchanganyiko unakosa petroli, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka bila sababu, gari linamisi likiwa limesimama kwenye foleni, na mwenye gari anaishia kubadilisha plagi na koili ambazo hazina hatia. Tiba yake ni kutoboa tundu upya, kuingiza bushi za aloi ya shaba, na kuzipitisha rimu (kifaa cha kusawazishia tundu) pande zote mbili kwa mstari mmoja ili shafti isikwame. Ni kazi ya mashine ya kukereza na ya mikono iliyotulia. Baada ya hapo skrubu ndogo zinazokishika kisahani lazima zifungwe na ncha zake zipanuliwe au kugongwa zisilegee, kwa kuwa skrubu ikianguka haina pa kwenda ila ndani ya silinda.

Mfano mwingine ambao wenye Land Rover wanaufahamu ni Zenith 36 IV, iliyofungwa kwenye injini za petroli za lita 2.25. Fundi akizikaza mno skrubu za kifuniko chake cha juu, uso wake hupinda, na oringi ndogo (ringi ya mpira ya kuzibia) iliyo kati ya kifuniko na kipande cha ndani chenye vijia vya mchanganyiko huacha kuziba. Petroli huvutwa bila kupimwa, moshi mweusi hutoka, na gari ambalo tangu zamani halikuwa na sifa ya kubana matumizi linakuwa mzigo kabisa. Kutengeneza kunahitaji kioo kinene, karatasi ya msasa laini, subira na oringi mpya. Nimeona Zenith zilizotiwa rangi vizuri ajabu huku uso huo haujaguswa. Ukiweka rula juu yake, mwanga unapita chini.

Basi tuseme ndani pamekamilika, na mwenye gari anataka vyuma vitiwe zinki upya. Ni jambo jema, na lina utaratibu ambao hauvumilii haraka. Usafishaji ndio unaoharibu kabureta nyingi kabla hata ya beseni la zinki kuonekana. Soda kali ambayo mafundi huitumia kuondolea grisi kwenye bloku za chuma huyeyusha alumini na zinki pia, na asidi ya haidrokloriki inayotumika kuondoa kutu ya chuma hula zinki kwa pupa. Mwili wa kabureta haustahili kukaa katika lolote kati ya hayo mawili. Kupiga shanga za kioo kwa hewa hutoa uso unaopendeza, lakini shanga moja iliyonasa ndani ya kijia cha silensa itakutesa mwaka mzima, na kwa sababu hiyo napendelea mashine ya mawimbi ya sauti na maji ya sabuni laini, kisha hewa ya kompresa katika kila tundu, hata kama uso utabaki na kivuli cha umri wake.

Vyuma vinavyotiwa zinki kwa umeme vina mitego yao. Springi na vipande vya chuma kigumu hunyonya haidrojeni vikiwa ndani ya asidi na ndani ya beseni lenyewe, kisha hukatika ghafla siku ambayo hukuitazamia, na springi ya kurudisha kanyagio cha mafuta ikikatika barabarani ni hatari ya maisha. Dawa ni kuvioka kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 190 hadi 200 mara tu vinapotoka kwenye zinki na kabla ya kuchovywa katika kromati. Mpangilio huo haugeuzwi, kwa sababu utando wa kromati hupasuka na kupoteza kinga yake joto likizidi nyuzi 60 hivi. Halafu kuna unene. Zinki ya mikroni 8 kwa kila upande huongeza mikroni 16 kwenye kipenyo cha shafti, nazo zinatosha kuifanya shafti ya chuma iliyokuwa ikizunguka vizuri ianze kung'ang'ania. Sehemu inayozunguka ndani ya bushi inapaswa kufunikwa isipate zinki, jambo ambalo mchovyaji wa jumla, anayepokea ndoo ya boliti za mlango pamoja na kabureta yako, hawezi kulikumbuka usipomwandikia.

Sehemu inayonisumbua zaidi katika mapenzi haya ya dhahabu ni sumu. Kromiamu ya valensi sita, ambayo ndiyo chimbuko la ile njano halisi ya kiwandani, husababisha saratani, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la kwanza la hatari pamoja na kadimiamu. Umoja wa Ulaya umeweka matumizi yake ya viwandani chini ya kibali maalumu tangu 2017. Kwetu, kijana anaweza kuichanganya kwenye beseni la plastiki nyuma ya banda, bila glovu, na kuimwaga mtaroni jioni. Sioni gari la maonyesho linalostahili gharama hiyo, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayefurahia maonyesho ya Nairobi ambako waamuzi huinama hadi chini ya boneti. Zipo kromati za valensi tatu zinazotoa njano iliyopauka kidogo. Mwamuzi mwenye jicho kali ataiona tofauti, na mimi ningempa mwenye gari alama zote. Kwa skrubu na vikono vidogo, siki, chumvi ya Epsom, kipande cha zinki safi na umeme mdogo wa betri hutoa zinki ya fedha yenye heshima yake, ingawa haina kinga ndefu ya kromati.

Ambacho sikisamehe ni rangi ya kopo. Wapo wanaopuliza rangi ya dhahabu juu ya mwili wa kabureta na kuuita umefufuliwa. Petroli hulainisha rangi ya namna hiyo, vipande vyake hubanduka, na vikiingia kwenye bakuli huenda moja kwa moja kwenye sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa. Boya likishindwa kufunga, petroli hufurika juu ya manifoldi ya moto. Huo ni ulaghai wenye kiberiti ndani yake, na muuzaji anayeufanya hawezi kujitetea kwamba alitaka kupendezesha tu.

Nakubali kwamba wapo wanaosema kabureta isiyong'aa haiuziki, na kwamba fundi aliyetumia siku nzima kupanga bushi kwa mstari hana namna ya kuuonyesha uhodari huo kwenye picha. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake ni fundi kupiga picha za bushi, kuandika kipenyo cha shafti kabla na baada, na kutaja jeti alizoweka na namba zake. Mnunuzi naye aache kuuliza kwa nini haing'ai. Aishike shafti kwa vidole viwili na kuisukuma juu na chini. Ikicheza kwa kiasi kinachohisika, hiyo ni kabureta ya kufunguliwa hata ikiwa na dhahabu ya wapi. Aweke rula kwenye nyuso zinazokutana. Gari likiwa linanguruma, apulize kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za shafti, mbali na sehemu za moto, asikilize kama silensa inabadilika. Ikibadilika, anayo sababu ya kudai bei ipunguzwe kwa gharama ya bushi mbili na kazi ya kukereza, na zinki inaweza kusubiri mpaka fedha nyingine ipatikane.