Tuzo ya Mwogeleaji Bora wa Afrika inamtaja nani, inamsahau nani?

Mwaka 1964, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, jarida la Swimming World la Marekani lilimtangaza Don Schollander kuwa Mwogeleaji Bora wa Dunia. Kijana huyo wa miaka 18 alikuwa amerudi nyumbani na medali 4 za dhahabu, kwa hiyo hapakuwa na ubishi. Ilikuwa tuzo moja ya mtu mmoja. Baadaye wanawake wakapewa ya kwao, kisha zikaongezwa tuzo za kanda: Marekani, Ulaya, nchi za ukanda wa Pasifiki, na Afrika.

Hiyo ya Afrika ndiyo inayonigusa. Kila mwaka inapotangazwa, watu wa mchezo huu wanagawanyika. Wapo wanaoiona kuwa heshima kwa bara ambalo kwenye kuogelea hupewa nafasi ya mwisho. Wapo wanaoiona kuwa meza ya pembeni, tumewekwa tule wenyewe ili tusisumbue wakubwa. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naamini kila upande umeshika kitu cha kweli. Swali ambalo bado halijaulizwa vya kutosha ni kama tuzo hiyo inatuambia jambo lolote ambalo medali hazijatuambia tayari.

Tuanze na wanaoipinga, maana hoja yao ni nzito. Kuogelea si kama soka, ambako unaweza kubishana hadi asubuhi kuhusu nani ana kipaji zaidi. Hapa kuna maji, kuna ukuta na kuna saa. Mita 50 za Durban ni mita 50 zile zile za Budapest. Ukigusa ukuta mapema umeshinda, na muda wako unalinganishwa na wa mtu yeyote duniani bila kuuliza umetoka kanda gani. Kwa nini basi tuwe na bora wa Afrika wakati saa haijui Afrika?

Na ushahidi wanao. Penny Heyns wa Afrika Kusini alishinda mita 100 na mita 200 za mtindo wa chura kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, mwanamke wa kwanza kuchukua zote mbili katika Olimpiki moja. Swimming World ikampa tuzo ya dunia mwaka huo, na tena mwaka 1999. Mwaka 2012 London, Chad le Clos alimshinda Michael Phelps katika mita 200 za kipepeo kwa tofauti ya sehemu tano za mia za sekunde, yaani sekunde 0.05. Tokyo, kwenye michezo iliyosogezwa hadi 2021, Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, miaka 18, aliingia fainali ya mita 400 za mtindo huru akiwa wa mwisho kati ya wanane, akapangwa njia ya 8 pembeni kabisa, akatoka na dhahabu. Katika michezo hiyo hiyo Tatjana Schoenmaker aliogelea mita 200 za chura kwa dakika 2:18.95 na kuvunja rekodi ya dunia. Watu kama hawa hawahitaji kupunguziwa kipimo. Kumwita Schoenmaker bora wa Afrika siku ambayo hakuna mwanamke duniani aliyewahi kuogelea kama yeye ni kumshusha.

Hoja hiyo ingenimaliza kabisa kama si jambo moja. Marekani nayo ina tuzo yake ya kanda. Phelps alipata tuzo ya dunia mara 8, na ile ya Marekani mara 11. Ipo miaka, basi, ambayo alikuwa bora wa nchi yake bila kuwa bora wa dunia, na sijapata kusikia mtu wa Baltimore, mji alikozaliwa Phelps, akilalamika kwamba Marekani imetengwa. Tuzo ya kanda haikubuniwa kwa ajili ya wanyonge. Ni daftari linaloandika majina ambayo tuzo ya dunia, kwa kuwa ni ya mtu mmoja tu, haiwezi kuyabeba. Mtazame Farida Osman wa Misri. Alipata shaba ya mita 50 za kipepeo kwenye mashindano ya dunia mwaka 2017, na akaipata tena 2019. Mbele yake mara zote alikuwepo Sarah Sjöström wa Sweden. Farida asingeweza kuwa mwogeleaji bora wa dunia katika zama za Sjöström, lakini historia ya kuogelea Afrika isiyomtaja ni historia yenye tundu.

Watetezi wa tuzo wanaongeza jambo la pili: tuzo huamuliwa na watu, kwa hiyo watu wanaweza kuirekebisha. Mwaka 2013 Swimming World iliwafuta waogeleaji wa Ujerumani Mashariki katika orodha zake za bora wa mwaka. Wanawake wa nchi ile walishinda dhahabu 11 kati ya 13 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, nyaraka zilionyesha kwamba serikali iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo dawa za homoni, wengi wao wasichana wadogo walioambiwa ni vitamini. Medali za Olimpiki hazikuguswa. Jarida, ambalo halikuhitaji kupita kwenye mahakama wala kwenye kamati, liliweza kuchukua kalamu na kufuta.

Hata hapo pana pande mbili, nami sitaki kupita haraka. Kwa Shirley Babashoff wa Marekani, aliyetoka Montreal na fedha 4 baada ya kushindwa mara kwa mara na wasichana wale, na ambaye waandishi walimkejeli kwa kusema hadharani kile ambacho baadaye kilithibitishwa, kufutwa huko ni haki iliyochelewa miaka 37. Lakini binti aliyemezeshwa vidonge na kocha wake akiwa na miaka 14, akabaki na mwili wenye maradhi, naye alidhulumiwa. Ukimfuta jina bila kusema alifanyiwa nini, umemwadhibu mara mbili. Mimi naona jarida lilifanya sawa kufuta, maana orodha ya waliobora haiwezi kubeba ushindi wa duka la dawa. Ila kando ya kila jina lililofutwa ilistahili kuandikwa kwamba mwenye jina alikuwa mtoto.

Nimelileta hili kwa sababu linaonyesha tuzo ya kila mwaka ni kitu gani hasa. Ni historia inayoandikwa wakati mambo bado ya moto. Ndiyo maana inafaa kuisoma orodha ya Afrika kwa jicho hilo hilo. Ukiisoma, unakuta Afrika Kusini imejaa. Unakuta Kirsty Coventry wa Zimbabwe akijirudia mwaka baada ya mwaka, na kwa haki kabisa: medali 7 za Olimpiki, zikiwemo dhahabu mbili mfululizo za mita 200 za mgongo, Athens 2004 na Beijing 2008. Unakuta Waafrika wa Kaskazini, kama Oussama Mellouli wa Tunisia, bingwa wa mita 1500 mwaka 2008 na wa kilomita 10 za maji ya wazi mwaka 2012.

Kwa nini hao? Wengi hujibu kwa neno kipaji na kuishia hapo. Turudi nyuma. Mwaka 1965, Karen Muir wa Kimberley, Afrika Kusini, akiwa na miaka 12, alivunja rekodi ya dunia ya kuogelea mgongo huko Blackpool, Uingereza. Aliendelea kuvunja rekodi hadi zikafika 15, lakini Olimpiki hakuiona hata siku moja kwa sababu nchi yake ilikuwa imefungiwa kwa ubaguzi wa rangi. Ni jambo la kusikitisha kwa mtoto yule, na kufungiwa kwenyewe kulikuwa kwa haki. Kwa maana bwawa alilojifunzia, na mabwawa kama hilo nchi nzima, kwa sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma yalikuwa ya Wazungu. Mtoto Mweusi wa Kimberley wa umri ule ule hakuruhusiwa kutia mguu. Mabwawa hayo, makocha hao na klabu hizo ndizo zilizoendelea kutoa mabingwa baada ya Afrika Kusini kurudi kwenye michezo mwaka 1992. Orodha ya tuzo haisemi uongo wowote. Inasema tu nani aligusa ukuta kwanza, na inanyamaza kuhusu nani alizuiwa mlangoni.

Inanyamaza pia kuhusu njia ya Marekani. Coventry alinolewa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Heyns alikuwa Nebraska, Mellouli Kusini mwa California, Ryk Neethling na Roland Schoeman Arizona. Sisemi wote, le Clos alifundishwa Durban, Schoenmaker Pretoria, na Hafnaoui alitwaa dhahabu yake akiwa mtoto wa mabwawa ya Tunis. Lakini ilipita miaka mingi ambapo tuzo ya Afrika ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tuzo ya Waafrika waliopata ufadhili wa masomo ng'ambo. Hakuna ubaya kwao. Ubaya ni kwa viongozi wa vyama wanaopiga picha na kombe na kusema mchezo umekua.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Jason Dunford wa Nairobi, aliyepitia Stanford, aliingia majini Beijing mwaka 2008 katika hatua ya awali ya mita 100 za kipepeo na kuweka rekodi ya Olimpiki, sekunde 51.14. Haikudumu, Milorad Čavić wa Serbia aliivunja dakika chache baadaye. Dunford akafika fainali, akawa wa tano, katika mbio ile ile ambayo Phelps alimpita Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Dunia nzima inazikumbuka mbio hizo kwa sababu ya vidole vya Phelps ukutani. Wachache wanakumbuka kwamba njia kadhaa pembeni kulikuwa na Mkenya. Mwaka 2010 Delhi alishinda dhahabu ya mita 50 za kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hiyo ndiyo hatua ambayo tuzo inayofuata medali za Olimpiki haina macho ya kuiona: mtu wa kwanza kutoka mahali fulani kufika mahali fulani.

Hapo ndipo naegemea. Tuzo ya bara ibaki, lakini tusiitegemee itufanyie kazi isiyo yake. Tuzo inayotuhusu zaidi ni ya ngazi ya chini, ya Kanda ya Tatu, ambako Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na majirani hukutana. Huko medali na vikombe vinatolewa, na pointi zipo. Shirikisho la dunia lina kanuni ya wazi: chukua muda wa rekodi ya dunia, ugawanye kwa muda wa mwogeleaji, jawabu ulipandishe kwa kipeo cha tatu (jawabu × jawabu × jawabu), kisha uzidishe kwa 1000. Rekodi ya mita 100 za mtindo huru kwa wanaume aliyoiweka Pan Zhanle wa China mwaka 2024 ni sekunde 46.40. Kijana anayeogelea kwa sekunde 52.00 anapata pointi 710. Wa dakika 1:00.00 anapata 462.

Tuseme katika msimu mmoja, yule wa kwanza ameshuka hadi 51.50, na yule wa pili ameshuka hadi 55.00. Wa kwanza sasa ana 731, wa pili ana 600. Kwa hesabu ya kawaida kombe ni la wa kwanza, na litaendelea kuwa lake hadi aondoke kwenda chuo. Lakini wa pili amepanda pointi 138 kwa mwaka, wa kwanza 21. Nani amefanya kazi kubwa zaidi? Makocha watakwambia, na wana haki, kwamba kupunguza nusu sekunde ukiwa na 52 ni kazi ngumu kuliko kupunguza sekunde tano ukiwa na dakika nzima, tena mtoto wa miaka 14 hushuka kwa kurefuka tu. Kwa hiyo kupima maendeleo pekee kutazawadia urefu wa mifupa. Dawa yake ni kulinganisha watoto wa umri mmoja, na kutoa tuzo mbili badala ya moja: ya pointi za juu na ya kupanda.

Lipo na suala la bwawa. Kasarani, Nairobi, ina bwawa la mita 50 lililojengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, lakini watoto wengi wa ukanda huu wanakulia kwenye mabwawa ya mita 25 ya shule zinazolipisha karo kubwa. Muda wa bwawa la mita 25 huwa mdogo zaidi kwa sababu ya kugeuka na kusukuma ukuta mara nyingi, na ndiyo maana rekodi zake huwekwa kando. Chama kikichanganya mida hiyo miwili kwenye orodha moja ya bora wa mwaka, kimemdhulumu mtoto hata kabla ya kura.

Ningetaka tuzo hiyo ya kanda iandike, kando ya jina la mwogeleaji, jina la kocha na bwawa alilofanyia mazoezi. Wapinzani watasema hilo litazifanya klabu tajiri zijitangaze bure, na kwa miaka ya mwanzo itakuwa hivyo hasa. Lakini orodha ya miaka kumi yenye mabwawa yale yale manne ni karatasi ambayo mzazi wa Temeke au wa Kisumu anaweza kuishika mkononi, akaenda nayo kwa diwani wake na kuuliza la kwetu liko wapi.