Shahada ya mchungaji haitazilinda familia zetu

Kila kanisa fulani huko nyumbani Uganda likileta msiba, wakubwa wetu wanarudi kwenye wazo lile lile: wachungaji wasajiliwe, wawe na shahada ya dini. Nimeishi Ufaransa miaka mingi, na kwa maoni yangu tunafunga mlango ambao mwizi hapitii.

Tukumbuke msiba wa Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Kundi la dini la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilikuwa limesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali. Kati ya viongozi wake alikuwamo padri, Dominic Kataribabo, aliyesoma mpaka Marekani. Usajili ulikuwapo, elimu ya dini ilikuwapo. Na bado waumini waliuza mashamba na mifugo, mume akatengwa na mke, watu wakakatazwa kuongea, wakawa wanaelewana kwa ishara za mikono. Waliambiwa dunia inakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikuisha, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 jengo lao la ibada liliteketea na mamia ya watu ndani, watoto wakiwamo, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Baadaye maiti zilifukuliwa kwenye nyumba nyingine za kundi hilo, hadi Buziga, Kampala. Mpaka leo hakuna kiongozi aliyefikishwa mahakamani.

Jamaa na majirani waliona mashamba yakiuzwa. Wangekwenda kusema wapi?

Hapa Ufaransa sheria ya mwaka 2001 haijishughulishi na mtu anaamini nini. Inaangalia kitendo: kumdhoofisha mtu kwa shinikizo mpaka aingie kwenye hasara kubwa ni jinai. Mwaka 2024 wakaongeza kosa la kumtawala mtu kisaikolojia. Ofisi ya serikali inayofuatilia mambo haya, MIVILUDES, ipo tangu 2002, na vyama vya wazazi vilianza kabla yake, miaka ya sabini.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja wa Bukavu kwenye chama cha namna hiyo, nikamtafsirie. Binti yake alikuwa amemezwa na kikundi cha maombi. Wale wazee waliotupokea hawakuuliza hata swali moja la Biblia. Waliuliza: bado anapokea simu? Mshahara wake unaingia mkononi mwa nani? Akiumwa anakwenda hospitali? Wakamwambia asibishane na binti kuhusu imani wala asimfukuze. Ampigie kwa mambo ya kawaida tu, amweleze mdogo wake amefaulu mtihani, amuulize anapika nini, ili siku akitaka kutoka ajue pa kurudi.

Lakini huyo binti alikuwa amehama nyumba yake miezi kadhaa, na jirani wa mlango wa pili hakujua. Kwetu Arua hilo haliwezekani! Shangazi yangu alijua siku ile ile kwamba mwanawe ameuza cherehani yake na kupeleka pesa kwa nabii, na kwamba wajukuu wameachishwa shule. Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Akajibiwa, "Hayo ni mambo ya dini, mama, wewe omba tu." Polisi wakamjibu vivyo hivyo.

Sitaki serikali iwawinde walokole wanaokesha wakiomba. Katiba inalinda ibada yao, na ni sawa kabisa. Sheria ya shahada itamwangukia mchungaji maskini anayehubiri chini ya mwembe, huku tapeli msomi akipita na vyeti vyake.

Nilimwambia shangazi apige 116, namba ya bure ya kulinda watoto. Alipiga, na afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya akaenda kuwaona wajukuu. Wamerudi darasani. Kuhusu mama yao, afisa alisema huyo ni mtu mzima, na yeye hana kifungu cha kushika. Basi wabunge wetu waache kuhesabu shahada za wachungaji, wakae waandike hicho kifungu.