Kabla ya mtihani wa leseni, mlima kwanza

Anayejifunza kuendesha gari Mbeya, Iringa au Njombe hafai kuandaliwa sawasawa na anayejifunzia Dar es Salaam. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini bado wanafunzi wengi wanafundishwa kwenye kiwanja tambarare: wanazunguka, wanarudi nyuma katikati ya vijiti, wanakariri alama za barabarani, wanapimwa, wanapata leseni. Wiki inayofuata wako kwenye foleni ya kupanda kutoka Ipogoro kwenda Iringa mjini. Bajaji imewabana nyuma, daladala mbele imesimama ghafla kupakia, na mguu wa kushoto unatetemeka kwenye klachi.

Maoni yangu ni haya: mwanafunzi asipelekwe kupimwa mpaka aweze mambo mawili bila kuelekezwa. La kwanza, aondoe gari kwenye mlima mara kumi mfululizo bila kurudi nyuma hata nusu mita. La pili, ashuke mteremko mrefu kwa gia, huku breki akiitumia kwa kiasi. Mengine yote, pamoja na vile vijiti, yanajifunzika haraka kwa mtu aliyeshika hayo mawili.

Kuondoka mlimani kunahitaji utulivu wa mguu kuliko nguvu. Gari limesimama, mguu wa kulia uko kwenye breki. Vuta breki ya mkono mpaka ishike kwelikweli, kanyaga klachi hadi chini, weka gia namba moja. Angalia kioo cha ndani na vya pembeni, kisha geuza shingo uangalie bega la kulia, maana bodaboda hupita hapohapo. Sasa hamisha mguu wa kulia kwenye mafuta, ongeza kidogo hadi mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi ufike kama 1,500 kwa dakika, na uushikilie hapo. Pandisha klachi polepole sana. Itafika mahali sauti ya injini inashuka, inakuwa nzito, na boneti inainuka kidogo kama gari linataka kuvuta pumzi. Simamisha mguu hapo. Hiyo ndiyo balansi.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wakisikia gari limeshika, wanafurahi na kuachia klachi yote, injini inazima. Mguu wa kushoto ubaki palepale ulipo. Shusha breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Gari likisimama pale pale au likianza kusogea mbele, klachi yako iko sawa. Likianza kurudi, rudisha mguu kwenye breki, vuta breki ya mkono na uanze upya, kwa sababu ukijaribu kuliokoa kwa kukanyaga mafuta mengi utaruka na kumgonga wa mbele. Likishatembea mita mbili au tatu, malizia kuachia klachi huku ukiongeza mafuta.

Injini ikizima mlimani, kitu cha kwanza ni breki ya mguu, cha pili breki ya mkono, ndipo ushike ufunguo. Wanafunzi wengi hukimbilia ufunguo kwanza, na gari linarudi nyuma wakiwa wanahangaika na swichi. Mwalimu amweleze pia kwamba injini ikiwa imezima, kifaa kinachoirahisishia breki hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu hivi. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Breki bado zipo ila zinataka nguvu nyingi zaidi. Asiyeambiwa hili mapema huamini gari halina breki tena, akachanganyikiwa.

Kuna tabia nyingine ya foleni za milimani ambayo ningependa iachwe kabisa: kulishikilia gari kwa balansi badala ya breki. Dereva amesimama Mwanjelwa, Mbeya, kwenye kapando kadogo, klachi nusu, mafuta kidogo, gari linacheza mbele nyuma. Anajiona fundi. Kumbe sahani ya klachi inasuguana muda wote huo, na baada ya dakika chache unasikia harufu ya kuungua. Klachi ambayo ingedumu miaka inaisha mapema, na kuibadilisha ni kushusha giaboksi nzima. Foleni ikisimama, vuta breki ya mkono, weka fri (gari lisiwe kwenye gia yoyote), pumzisha mguu.

Wanaokuja huku wakiwa wamejifunzia pwani hulalamika kwamba gari ni zito, na hawakosei. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Kiasi cha mafuta kilichotosha kuondoa gari Kariakoo hakitoshi kwenye barabara zinazopanda kuelekea Mlima Loleza. Mafuta yaongezwe kabla ya kupandisha klachi, na gia ishushwe mapema, kabla gari halijaanza kukohoa.

Kushuka ndiko kunakoua. Yeyote anayeishi kandokando ya barabara ya Mbeya kwenda Tunduma anajua maana ya lori lililokosa breki kwenye mteremko wa Iwambi. Sababu yake mwanafunzi aijue kwa undani. Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukikanyaga mfululizo kwa kilomita kadhaa, joto linapanda haraka kuliko hewa inavyoweza kulipoza. Breki pedi zikipita kiwango chake zinaanza kuteleza badala ya kushika. Kwenye gari dogo kuna hatari ya pili: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishakuwa na maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama mpaka chini bila kufanya kazi. Lori lenye breki za upepo halina mafuta hayo, ila joto linalilaza vilevile.

Kwa hiyo gari lishikwe na injini. Kanuni ya madereva wa zamani bado inafaa: shuka na gia ileile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo. Weka gia kabla ya kuanza kuteremka, si katikati, maana gari likishashika kasi gia ndogo inagoma kuingia na unaweza kujikuta uko fri. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti hadi ushuke chini ya kasi unayoitaka, kisha achia kabisa zipoe. Kasi ikipanda tena, rudia. Kuweka mguu juu ya breki kidogokidogo njia nzima ndiko kunakozichemsha.

Na ile ya kuweka fri kwenye mteremko eti kuokoa mafuta, naipinga kwa nguvu zote, kwanza kwa ajili ya usalama, pili kwa sababu hesabu yenyewe haisimami. Magari mengi ya injekta (yanayopuliziwa mafuta kwa umeme, si kabureta), ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia, hukata kabisa mafuta yanayokwenda kwenye injini, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka fri, injini inahitaji mafuta yake ili isizime. Unayatupa mafuta uliyodhani unayaokoa, na gari halina kitu cha kulishika zaidi ya breki.

Mwenye gari la otomatiki asijidanganye kwamba haya hayamhusu. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani ni otomatiki, na wengi hushuka na D, ile ya mwendo wa kawaida, kutoka juu mpaka chini. Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna kitufe pembeni ya rungu la gia. Ukikibonyeza taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gari linaacha kutumia gia ya juu kabisa. Mteremko ukiwa mkali zaidi, vuta rungu hadi 2, na kwa mwendo wa taratibu sana L, yaani gia ya chini kabisa. Hata hivyo ningemshauri kila mwanafunzi wa huku ajifunzie gari la gia za mkono. Gari la kazi atakalokabidhiwa kesho, Hilux ya shamba la viazi au Canter ya mbao kutoka Mafinga, huenda likawa na klachi.

Ukisikia harufu ya breki, tafuta mahali pa wazi usimame, zima, usimwagie maji diski zenye moto kwa kuwa zinapinda au kupasuka. Acha gari kwenye gia, weka jiwe kwenye gurudumu, subiri zipoe. Na pedali ikizama wakati gari linatembea: pampu haraka, shusha gia mojamoja, vuta breki ya mkono kidogokidogo huku umebonyeza kitufe ili uweze kuiachia magurudumu yakianza kuteleza, piga honi, usizime injini, elekeza gari upande wenye ukingo wa udongo au kapando. Mwanafunzi ayafanyie mazoezi haya gari likiwa limesimama, mikono izoee.

Kuegesha kwenye mlima huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Sisi tunaegesha kushoto. Pua ya gari ikitazama juu na kuna ukingo wa barabara, kata usukani kulia, ili likirudi tairi la mbele liegemee ukingo. Pua ikitazama chini, kata kushoto. Pasipo na ukingo, kata kushoto kwa hali zote mbili ili likisogea litoke barabarani, lakini angalia kwanza kama pembeni pana mtaro. Likitazama juu liache na gia namba moja, likitazama chini liache na rivasi.

Sasa mtihani wenyewe. Njia ya kuufikia inajulikana: leseni ya kujifunzia kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), mafunzo, kupimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha kurudi TRA kwa picha na alama za vidole. Kwenye alama, soma umbo kabla ya mchoro: pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la bluu linaamuru. Pembetatu iliyopinduliwa ni kumpisha mwenzako, na pembe nane ni kusimama kabisa, magurudumu yasizunguke hata kidogo. Kwenye kipilefti (mzunguko wa barabara) mpishe anayetoka kulia kwako. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Mabasi na malori yanayozidi kilo 3,500 mwisho wake ni 80 nje ya makazi.

Hizo 50 zina maana yake. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu imekula mita 14, na kusimama kwenye lami kavu kunataka nyingine 14 hivi. Kwa kilomita 80 jumla inakaribia mita 60. Lami ikilowa, au ukiwa unashuka, ongeza nyingi. Mvua za kwanza za Novemba ni mbaya kuliko za Februari, maana vumbi na oili za miezi ya kiangazi zinageuka utelezi kabla hazijaoshwa.

Kurudi nyuma kati ya vijiti ni suala la mwendo tu. Gari litembee kwa klachi, polepole kuliko mtu anavyotembea, na mikono ipate muda. Upande unaokata usukani ndio upande ambao nyuma ya gari inakwenda. Anayegonga kijiti mara nyingi amekigonga kwa mbele, kwa kuwa ametazama nyuma muda wote akasahau kwamba pua inafagia upande wa pili.

Baridi pia inahitaji somo lake. Asubuhi za Juni na Julai kioo cha mbele kinafunga ukungu kwa ndani, na mtu anakifuta kwa kiganja huku anaendesha. Washa AC pamoja na hewa ya moto, elekeza kwenye kioo. AC inakausha hewa na kioo kinafunguka kwa dakika chache. Ukikutana na ukungu wa nje kati ya Uyole na Tukuyu, tumia taa za chini. Taa kubwa zinaupiga ukungu na kukurudia machoni.

Ukitafuta shule ya udereva, usiulize ada peke yake. Uliza utakaa kwenye usukani dakika ngapi kila siku, na gari moja linabeba wanafunzi wangapi. Wanafunzi sita kwenye saa moja ni dakika kumi kwa kila mmoja, na nyingine zinaishia kwenye kurekebisha kiti. Uliza kama watakupeleka milimani. Mwalimu akikujibu kwamba mlima utauzoea mwenyewe ukishapata leseni, tafuta mwingine. Na leseni ya kununua bila kupimwa tusiizungumze kwa kicheko vijiweni; anayeishika atakutana barabarani na watoto wetu wanaotoka shule.

Safari ya kwanza ya Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara ya Iringa kwenda Morogoro, baada ya leseni ifanye mchana, barabara ikiwa kavu, ukiwa na dereva mzoefu kiti cha kushoto. Ukiwa unatoka Iringa, pita Ilula kisha usimame kabla mteremko haujaanza: gusa breki, kagua matairi, angalia kiwango cha mafuta ya breki. Ingia na gia ndogo tangu juu. Ukikuta lori linashuka kwa mwendo wa kobe, kaa nyuma yake mbali kiasi cha kuona vioo vyake vyote viwili, na usimpite kwenye kona hata kama konda wake anakupungia mkono. Yeye haoni unachokwenda kukutana nacho.