Mtungi ni wa Mwambani, Nyangumi Tumtazame Botini

Kusi likishakolea, swali linalowafikia manahodha wa Mtwara ni lile lile: nani ataniteremsha na mtungi wa hewa niogelee ubavuni mwa nyangumi? Jibu linalofaa ni hapana, na lisemwe mapema, kabla mgeni hajalipia chochote. Anayetaka kuona wanyama wakubwa wa bahari huku kusini agawe safari yake mara mbili. Nyangumi amtazame akiwa juu ya boti, mtungi autumie mwambani. Akizichanganya kazi hizo mbili atakosa zote, na mnyama ndiye atakayeumia.

Nyangumi wenye nundu hutoka kwenye bahari ya baridi ya Antaktika. Pwani yetu huanza kuwaona Julai, na kufikia Novemba wengi wameshageuza kurudi. Hawaji kula. Wanakuja kupandana na kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi na uzito wa karibu tani moja. Mama yake, mwenye mita 13 hadi 15, hukaa miezi yote hiyo karibu bila chakula, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na maziwa yanatoka kwenye mafuta hayo hayo. Kila akiikimbia boti anachoma akiba asiyoweza kuirudisha mpaka afike tena kusini, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Ndama naye hana mapafu ya kukaa chini muda mrefu, hivyo huhitaji kupanda kupumua kila baada ya dakika chache. Akilazimishwa kuzama kabla hajatulia huchoka haraka.

Mtungi unayazidisha haya. Regulata, kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi, hutoa kelele na mapovu kila mtu anapopumua, na kwa nyangumi hawa mapovu si jambo dogo: madume wanaogombea jike hupuliza pazia la mapovu kutishana. Isitoshe, mzamiaji hamfikii nyangumi kwa kupiga mapezi. Nyangumi akienda taratibu kabisa bado atamwacha. Anayemfukuza hupumua kwa nguvu, hupanda na kushuka bila mpangilio, husahau geji inayoonyesha hewa iliyobaki, kisha huibuka kwa kasi. Hizo ndizo ajali zenyewe: hewa inayotanuka mapafuni mtu anapopanda huku amebana pumzi, na naitrojeni inayotoka kwenye damu kama mapovu. Tonga, nchi ya visiwa iliyoufanya utalii wa kuogelea na nyangumi kuwa biashara yenye leseni, imekataza mitungi. Huko watu hutumia snokeli, mrija wa kupumulia wakiwa juu ya maji, wanne kwa wakati mmoja pamoja na kiongozi wao. Kama wenye uzoefu huo wamefika hapo, sisi hatuna sababu ya kuanzia mahali pabaya zaidi.

Kumtazama vizuri ukiwa botini ni ufundi wa peke yake, na nahodha wa Msimbati au Mikindani anaweza kuujua kuliko mtu yeyote. Pumzi huonekana mbali, moshi wa maji unaopanda na kutawanywa na upepo. Ukiuona, usielekeze omo, mbele ya boti, pale pale. Zunguka upate ubavu, uende sambamba naye, nyuma kidogo ya kichwa, kwa kasi ya mtu anayetembea haraka, kilomita 6 au 7 kwa saa. Usimkatie njia mbele wala usimfuate mkiani. Mita 100 ni kikomo cha karibu kwa nyangumi mzima. Akiwa na ndama, kaa mita 300 na usiingie kati yao hata wakiachana kidogo. Ukifika umbali huo weka gia huru, usiizime injini, ili mnyama aendelee kujua ulipo. Nusu saa inatosha, na boti moja inatosha. Ya pili isubiri mbali zamu yake. Akianza kupiga mkia majini mfululizo, au kubadili uelekeo kila mara, au kuzama kwa muda mrefu kuliko mwanzo, amekwisha kukujibu. Ondoka polepole. Akija mwenyewe kuitazama boti, na hutokea, tulia na gia huru mpaka apite.

Shida ya msimu ni kwamba nyangumi na bahari tulivu havikutani mapema. Juni hadi Agosti kusi huwa kali, mawimbi yanapanda, na nje ya ghuba abiria wengi hutapika kabla hawajaona chochote. Tukiulizwa tunasema Septemba na Oktoba, upepo unapoanza kulegea kuelekea malelezi, kipindi cha utulivu kati ya kusi na kaskazi, huku nyangumi bado wapo. Ondoka alfajiri, urudi kabla upepo wa mchana haujasimama.

Sasa mtungi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, ina takriban kilomita za mraba 650, na vijiji vimo ndani yake. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hugonga pwani karibu na eneo hili na kugawanyika, tawi moja likielekea kaskazini pwani yote ya Tanzania, jingine likiteremka Msumbiji. Ndiyo maana upande wa Ruvula, ambako sakafu ya bahari inaporomoka karibu na ufuko, maji ya bahari kuu hufika mpaka ukingoni mwa mwamba na kuleta kolekole, mzia na nguru. Juu ya matumbawe kuna kasa, taa na chewa. Hao ndio wanyama wakubwa wa mzamiaji wa Mtwara, na kasa asiyefukuzwa atakuacha umtazame akila kwa dakika nyingi.

Mkondo huo huo ndio hatari ya kwanza. Panga mizamo siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na kila mlango kati ya miamba hugeuka mto. Ingia maji yanapokaribia kusimama baada ya kujaa: wakati huo maji safi ya nje yameshaingia na mkondo umelegea. Usizamie wakati wa kupwa karibu na mdomo wa Ruvuma, hasa Januari hadi Aprili, kwani mto hutoa tope na hutaona mkono wako. Kila mzamiaji abebe boya lake la kupuliza, lenye urefu wa mita 1.2 au zaidi, na kamba ya mita 15 kwenye rili (gurudumu la kuizungushia), na alirushe akiwa bado mita 5 chini. Kwenye mawimbi ya kusi nahodha haoni mapovu. Anaona boya, na kama hulirushi atakutafuta upande ambao haupo.

Hewa ihesabiwe kabla ya kuingia majini. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 60 akiwa mita 20, kwa sababu kila mita 10 huongeza bar moja ya mgandamizo. Ukitenga bar 50 za akiba zinabaki lita 1,800, yaani dakika 30 ukiwa umetulia, na chini ya 20 ukipigana na mkondo. Hewa ya mtungi uliojaa ina uzito wa karibu kilo 3, na sehemu kubwa yake utaikosa mwishoni. Basi pima risasi za mkanda, yaani uzito wa kukuzamisha, ukiwa na bar 50, mita 5 chini, bila hewa kwenye jaketi la kuelea. Wengi hupima mtungi ukiwa umejaa, na wakifika kituo cha mwisho mtungi wa alumini huwavuta juu kama boya. Panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3, na usizuie pumzi hata mara moja.

Kikomo tunachopendekeza kwa Mtwara ni mita 20, hata kwa mwenye cheti cha kwenda 30. Wapo watakaoona ni woga, na tunawaomba wapige hesabu nyingine. Aliyepata ugonjwa wa mgandamizo, yale mapovu ya naitrojeni tuliyoyataja, anahitaji oksijeni safi, lita 15 kwa dakika, tangu akiwa botini. Mtungi wa lita 10 wenye bar 200 humtosha saa 2 na dakika kidogo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560 kwa barabara. Kwa saa 9 njiani mgonjwa atahitaji lita 8,100, na mitungi minne ya ukubwa huo haifiki. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, ndiyo pa kuanzia, lakini chemba ya kumtibu, chumba kinachomrudisha kwenye mgandamizo, ni safari ya mbali, na ndege ya kawaida humzidishia mgonjwa kwa kupunguza mgandamizo. Kwa hiyo kampuni isiyoweza kuonyesha oksijeni yake botini, geji ikisomeka, isipewe pesa. Na ratiba ya ndege ya kurudi ipangwe angalau saa 18 baada ya mzamo wa mwisho.

Mgeni alete vifaa vyake vidogo. Oringi za akiba (pete za mpira za kuzuia uvujaji), mkanda wa barakoa, snokeli na filimbi havipatikani kirahisi huku. Anuse hewa ya mtungi kabla ya kufunga regulata: ikiwa na harufu ya mafuta au moshi, bomba la kompresa, mashine ya kujazia mitungi, limevuta hewa ya injini, na mtungi huo usitumike hata kama safari itaahirishwa.

Papa potwe wanaoahidiwa na baadhi ya madalali si wa kutegemea Mtwara. Hao wafuatwe Kilindoni, Mafia, Oktoba hadi Machi, na kwa snokeli. Silikanti, samaki wa kale aliyevuliwa Kilwa mwaka 2003, huishi chini zaidi ya kina cha mtungi wa burudani, hivyo anayekuuzia mzamo wa kumwona anakudanganya.

Kuna zawadi moja ambayo matangazo hayaitaji. Agosti na Septemba, ukiwa mita 15 kwenye mwamba umetulia, unaweza kumsikia dume akiimba bila kumwona. Sauti majini husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo masikio hayawezi kukuambia iko upande gani. Inaonekana kutoka kila mahali. Usizuie pumzi ili usikie. Vuta polepole, toa polepole, nayo itakufikia kati ya mapovu. Lakini mlipuko wa baruti nao hufika hivyo hivyo. Uvuvi wa baruti umepungua sana ukilinganisha na zamani, ingawa vifusi vya matumbawe ulioviacha bado vinaonekana. Ukiusikia, maliza mzamo kwa kupanda taratibu, ondoka eneo lile na utoe taarifa hifadhini.

Tunachodai kinawezekana msimu ujao. Hifadhi ikae na manahodha na kamati za vijiji, iandike ukurasa mmoja wenye umbali, kasi, idadi ya boti, na katazo la mtungi mbele ya nyangumi, kisha iubandike kila mahali tozo zinapolipwa. Nahodha atakayefundishwa apewe kitambulisho, na mgeni aelekezwe kwa mwenye nacho, ili kijana wa Msimbati anayekataa kumfukuza mnyama asipoteze mteja kwa jirani anayekubali.