Shajara na Status ni Vitu Viwili

Bagamoyo siku hizi watu wanaandika maisha yao kwenye status ya WhatsApp. Aliyefiwa anaandika, aliyenuniana na wifi yake anarusha fumbo, aliyeingiza mzigo anajigamba. Saa 24 zikipita, yote yamefutika. Wapo wanaoita hiyo ndiyo shajara ya kisasa. Sikubali, na simu haina kosa hapa. Mwandishi wa status anamwona msomaji kabla hajagusa herufi ya kwanza: bosi, shemeji, jirani. Mkono unajirekebisha wenyewe.

Ushahidi upo, na mhusika wake alipitishwa mji huuhuu. Februari 1874 Susi na Chuma, watumishi wake, waliufikisha hapa mwili wa David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, baada ya kuubeba kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Miaka mitatu nyuma, Livingstone akiwa Nyangwe, Kongo, hakuwa na karatasi za kuandikia. Akawa anaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotokana na mmea. Wino ule ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011. Kumbe alipoyanakili kwenye daftari lake kubwa, Livingstone alikuwa amebadilisha baadhi ya mambo, yakiwemo yaliyowahusu watu wa msafara wake wakati wa mauaji ya sokoni Nyangwe, 15 Julai 1871. Mtu yuleyule, siku ileile. Aliyeongezeka ni msomaji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuwa na maandishi mawili, na ya kwanza yasiwe na msomaji kabisa.

Nunua kaunta buku iliyoshonwa kwa uzi, si daftari la pini. Hewa ya chumvi huku pwani inaitia pini kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za katikati zinachomoka. Ile ya kwaya mbili ina kurasa 192. Ukurasa mmoja kwa siku unakupeleka miezi sita na ushee. Tumia biki ya kawaida. Wino wake una mafuta, ukilowa hautawanyiki ovyo kama wa jeli. Penseli nayo haiogopi maji, ila inafutika kwa kusuguliwa.

Kila unapoandika, anza na tarehe, mahali, nani alikuwepo, na bei ya kitu kimoja, hata fungu la dagaa. Hisia zifuate. Anayeanza na hisia huishia kuandika “leo nimechoka sana” wiki nzima, na akisoma baadaye hajui alichoshwa na nini. Mistari mitano inatosha. Ukiruka siku tatu, usizijaze kwa kukisia. Andika tarehe ya leo, kisha useme unakumbuka ya juzi. Majina ya kificho nayo yana hila yake: miaka kumi ikipita, hata wewe hutajua “Mzee wa Kona” alikuwa nani.

Usichane ukurasa unaouonea haya. Kwenye daftari la kushona, karatasi moja ina pande mbili zilizokunjwa pamoja, na ukichana upande mmoja, mwenzake unalegea. Piga mstari, uendelee.

Nyumba za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, basi usiegemeze daftari ukutani wala usiliweke sakafuni. Kabla ya masika lianike kivulini penye upepo, kisha lifungie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, utaita fukusi. Juani usilianike, wino utapauka.

Anayependa simu aandike humo, lakini akumbuke fundi. Kioo kikipasuka, fundi anaomba namba ya siri ili ajaribu kazi yake, na hapo shajara yote iko mezani kwake. Weka maandishi ndani ya programu yenye namba yake ya pekee, na kila mwisho wa mwezi hamisha nakala nje ya simu.

Siku ukitaka watu wasome, nakili pembeni, ondoa majina ya wasiokuruhusu, lainisha utakavyo. Daftari la kwanza usiliguse.