Kundi Letu la Kujisomea Halivuki Utando wa Seli

Aliyebuni wazo kwamba wanafunzi wakikaa pamoja wataelewa zaidi kuliko kila mmoja akikaa peke yake, naamini hakupata kukaa na wanafunzi. Walimu hutuambia kuwa umoja ni nguvu, nami sina ugomvi na methali hiyo hadi pale umoja wenyewe unapofungua kitabu cha bayolojia. Mtihani wa kesho asubuhi ni wa seli na usafirishaji: upande mmoja ni seli na vilivyomo ndani yake, upande wa pili ni namna vitu vinavyoingia na kutoka katika seli hizo, pamoja na safari ya damu mwilini na ya maji ndani ya mmea. Kurasa za upande wa kwanza tumezisoma hadi zimeanza kuchomoka kwenye jalada. Kurasa za upande wa pili bado zimeshikana, kwa kuwa ni nadra mtu kuzigusa.

Chanzo cha balaa hili ni wachelewaji, wakisaidiwa na Mwenyekiti wetu, mtu mwenye huruma nyingi kwa wale wasiouhurumia muda wa wenzao. Kila anapoingia mtu anayehema na kudai kwamba alidhani kikao kimeahirishwa, Mwenyekiti huweka kidole katikati ya kitabu na kusema, "Jamani, turudie kidogo, mwenzetu asiachwe nyuma." Huko kurudia kidogo huanzia kwenye swali la seli ni nini. Tunajibu kwa pamoja kwamba ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe inayoweza kufanya kazi zote za uhai, tunataja kiini, saitoplazimu na utando wa seli, na tunapokaribia kueleza huo utando unafanya kazi gani, mlango unagongwa tena.

Katika marudio hayo hakuna kinachonichosha kama mitokondria. Hayupo mtu katika kundi letu asiyejua kwamba mitokondria huipatia seli nishati kwa kuvunjavunja chakula kwa msaada wa oksijeni, lakini swali hilo likiulizwa mikono yote hupanda juu, hata ya yule jamaa wa pembeni ambaye muda wote huwa amesinzia. Uliza kuhusu ribosomu, ambazo kazi yake ni kutengeneza protini tu wala si siri ya serikali, na hapohapo utaona watu wanatafuta kalamu wakati kalamu zimo mikononi mwao.

Tunaye pia Mwanahistoria. Huyu ukimtajia seli, yeye huanzia mwaka 1665, Robert Hooke alipokata kipande chembamba cha koki, yaani gome jepesi la mti, akakiweka chini ya hadubini na kuona vijumba vitupu vilivyopangana. Atakueleza kwamba alichokiona Hooke kilikuwa kuta za seli zilizokwisha kufa, kisha atavuka miaka mingi hadi kwa Schleiden mwaka 1838, aliyesema mimea imejengwa kwa seli, na kwa Schwann mwaka 1839, aliyesema na wanyama vilevile. Yote ni kweli, tena anayasimulia vizuri hadi unasahau kusinzia. Ila mtihani hautaki kujua Hooke alikata nini na kwa kisu gani. Mtihani unataka tutofautishe seli ya mmea na ya mnyama kwa kutaja ukuta wa selulosi, kloroplasti na vakuoli kubwa ya kudumu, mambo matatu ambayo Mwanahistoria huyaita mambo madogomadogo.

Mchoraji wetu ana tatizo la namna nyingine. Kabla ya kuchora seli yoyote hupanga penseli zake za rangi mezani kuanzia nyeusi hadi ya waridi, akazichonga zote, hata zilizochongoka, na kuyapuliza mabaki ya kuchonga hadi yakatua kwenye daftari langu. Kiini chake ni cha zambarau, chenye kivuli upande mmoja ili kionekane cha duara. Kloroplasti zake zina rangi ya kijani ya aina mbili. Mwalimu amesema mara nyingi kwamba mchoro wa bayolojia huchorwa kwa penseli ya kawaida, kwa mstari mmoja safi usio na kivuli, na mistari ya majina isiwe na mishale wala isikatane. Mchoraji huitikia kwa adabu, kisha huongeza rangi ya dhahabu. Seli yake hadi leo haina jina hata moja pembeni, kwa kuwa majina huwekwa mwisho, na mwisho haujawahi kufika.

Lakini siku kundi lilipothubutu kuugusa usafirishaji ndipo nilipotambua kwamba kwenye marudio tulikuwa salama zaidi. Difyusheni haikutusumbua: molekuli huenea kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache, na jamaa mmoja alituthibitishia hilo kwa kupuliza manukato kwenye kona ya chumba hadi waliokuwa kona ya pili wakaanza kupiga chafya. Ilipofika zamu ya osmosisi, yaani maji kupenya kwenye utando wa seli, wenzangu wawili walisimama. Wa kwanza alisema kwamba maji hutoka kwenye ukolezi mdogo kwenda kwenye ukolezi mkubwa. Wa pili alisema huo ni upotoshaji mtupu, kwa kuwa maji hutoka kwenye ukolezi mkubwa kwenda kwenye ukolezi mdogo. Wakachorana mishale ubaoni, wakafutiana, na kila mmoja akafungua kitabu chake na kukisoma kwa sauti ya wakili anayetetea shamba la ukoo.

Vitabu vyote viwili vilikuwa sahihi. Wa kwanza alikuwa akihesabu chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji, wa pili alikuwa akihesabu maji yenyewe. Na kwa kuwa penye chumvi nyingi maji ni machache, mishale ya wote wawili ilielekea upande uleule. Nilijaribu kulisema hilo nikaambiwa nisubiri zamu yangu. Zamu yangu haikufika, maana Mwenyekiti aliona njia ya kuleta amani ni kupiga kura, na hivyo osmosisi, ambayo imekuwa ikiingiza maji kwenye mizizi ya mimea tangu kabla ya kuwapo mwenyekiti yeyote duniani, ikakosa wingi wa kura. Kilichonikera zaidi ni kwamba katika kelele zote hizo hakuna aliyeutaja ule utando unaopitisha baadhi ya vitu na kuzuia vingine, ambao bila huo hakuna osmosisi wala alama.

Usafirishaji amilifu tuliupitia haraka, kwa sababu Mwanahistoria aliudaka kabla yetu. Tulichopaswa kuelewa ni kwamba hapa seli hulazimisha vitu kwenda kinyume na mkondo, kutoka vilipo vichache kwenda vilipo vingi, na kwa hiyo hulipa kwa nishati, kama pampu ya sodiamu na potasiamu inayotoa sodiamu tatu nje kila inapoingiza potasiamu mbili ndani. Tulichopata ni wasifu wa Jens Christian Skou, aliyeieleza kazi ya pampu hiyo mwaka 1957 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1997. Jamaa wa pembeni aliamka ghafla kuuliza kama kuna watu hungoja matokeo miaka arobaini, na alipojibiwa kuwa wapo, alilala tena akiwa na matumaini mapya.

Moyo nao ulitutoa jasho. Upande wa kushoto wa moyo huchorwa kulia mwa karatasi, kwa kuwa moyo wa kitabuni ni wa mtu anayekutazama usoni, na jambo hilo dogo linatosha kuvunja urafiki. Ili kumaliza ubishi, mwenzetu mmoja mrefu alisimamishwa ukutani, akabandikwa kifuani karatasi yenye vyumba vinne, nasi tukaifuata damu kwa kidole: inaingia atria ya kulia, inashuka ventrikali ya kulia, inakwenda kwenye mapafu, inarudi atria ya kushoto, inashuka ventrikali ya kushoto yenye ukuta mnene kwa sababu ndiyo inayousukumia mwili mzima. Kwa mara ya kwanza mambo yalikuwa yanaingia kichwani. Kisha mwenye moyo akasikia anaitwa, akageukia dirisha, na waliokuwa wakinakili mgongoni mwake wakamalizia mzunguko wote kinyumenyume. Nimeziona daftari zao. Zina damu inayotoka mwilini na kurudi mwilini bila kupitia kwenye mapafu.

Hapo ndipo mmoja wa wale wabishi wa osmosisi alipotangaza kwamba ateri zote hubeba damu yenye oksijeni nyingi. Nilimwambia kwa upole kwamba ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, iwe na oksijeni au isiwe nayo, na kwamba ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa na oksijeni, wakati vena ya mapafu hurudisha iliyojaa. Akaniuliza kama najifanya mwalimu. Mwanahistoria akajitolea kutupatanisha kwa daktari Mwingereza William Harvey, aliyechapisha hoja zake kuhusu mzunguko wa damu mwaka 1628 bila kuona damu inavukaje kutoka ateri kwenda vena, hadi Malpighi alipoziona kapilari, vile vimishipa vyembamba vinavyoziunganisha, mwaka 1661. Nilikiri moyoni kwamba hilo lilikuwa tamu kulijua.

Anayestahili kutufundisha hafungui kinywa. Ni dada mmoja anayekaa karibu na mlango, ambaye siku moja, Mwenyekiti alipotoka kidogo, aliandika ubaoni hesabu fupi: mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la uso la 6 na ujazo wa 1, wenye upande wa sentimita 2 una 24 na 8, wenye upande wa sentimita 3 una 54 na 27. Kisha akasema taratibu kwamba kadiri kitu kinavyokua, uso wake unazidi kuwa mdogo ukilinganishwa na tumbo lake, ndiyo maana kiumbe cha seli moja hutosheka na difyusheni, ilhali mwenye mwili mkubwa lazima awe na moyo na mishipa. Kwa maneno hayo machache aliunganisha nusu zote mbili za mtihani. Mwenyekiti aliporudi alimshukuru, akafuta ubao, akaomba turudie kidogo.

Mimea ilipata dakika za mwisho, watu wakiwa wamekwisha kufunga mabegi: zailemu hupandisha maji na chumvichumvi kutoka mizizini, floemu husafirisha sukari kwenda juu na chini, na majani yanapopoteza maji kwa njia ya mvuke ndiyo yanayoyavuta mengine kutoka chini. Basi. Lile swali ambalo mtihani hulipenda, la kwa nini chembe nyekundu ya damu hupasuka ikiwekwa kwenye maji matupu wakati seli ya mmea hutuna tu na kukaza, tuliahidiana kulisoma kila mtu kwake. Jibu ni ukuta wa seli, ule ambao Mchoraji bado anaupaka rangi.

Usiku huu sasa, simu yangu hainyamazi. Mmoja anauliza kama usanisinuru umo kwenye mtihani, na kabla hajajibiwa watatu wameapa kwamba umo na wengine wanalia. Mwenyekiti ametuma maneno ya kututia moyo. Yule mbishi ametuma mshale, bila maelezo. Mwisho jamaa wa pembeni, ambaye sikumtarajia kabisa, ametuma picha ya ukurasa iliyojaa ukungu, ambayo nimeikuza hadi macho yameniuma nikaweza kusoma mistari miwili tu: kichwa kinachosema "Usafirishaji katika Mimea: Muhimu Sana," na chini kabisa, "Tazama ukurasa unaofuata." Tumemwomba ukurasa unaofuata. Amejibu kwamba kitabu kilikuwa cha kuazima na mwenyewe amekwisha kukichukua.